Wimbo Ulitangulia, Santuri Ikafuata

Santuri ilifika kijijini kwetu Mpepai ikiwa imeviringishwa kwenye kanga mbili, katikati ya blanketi, baada ya safari ya basi kutoka Songea. Kondakta alitaka kuisukumia kwenye buti pamoja na magunia. Nikamwambia aiache, hiyo ni sahani. Akaupima upana wake kwa macho, akauliza wanaokula humo wali ni watu wangapi. Basi zima likacheka, na mimi nikaipakata mpaka Mbinga.

Mjomba wangu hakucheka. Alizifungua kanga taratibu, akapangusa meza kwa kiganja, akalilaza jalada juu yake na kuvaa miwani. Ilikuwa albamu ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila iitwayo *Songs for the Poor Man*, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Jina la albamu ni la Kiingereza, lakini majina ya nyimbo ni ya kwetu: "Kipenda Roho", "Sauti ya Mnyonge", "Muziki Asili Yake Wapi", "Mariamu Wangu". Mjomba aliyasoma moja moja kwa sauti, kama karani wa ushirika anayeita wakulima siku ya malipo. Kisha akaligeuza jalada tena mbele.

"Mpwa wangu," akasema, "kumbe nyimbo hizi zilikuwa na sura?"

Sura hiyo ilikuwa imemaliza zaidi ya miaka 30 duniani, na nyimbo zenyewe tulikuwa nazo karibu muda wote huo. Tulizicheza harusini, tulizipiga mluzi tukipalilia kahawa, na vijana wa rika langu walizitumia kupima kama msichana ana habari za mjini. Hatukujua kwamba zimepangwa pamoja kwa mfuatano fulani, zikapewa pande mbili, jalada na jina moja. Jinsi nyimbo zilivyoweza kufika kijijini miongo mitatu kabla ya chombo zilichotengenezewa ni hadithi ndefu, na haianzi na Remmy. Inaanza na kibuyu.

Kibuyu na utando wa buibui

Mbinga imekaa juu ya milima ya Umatengo, na upande wa magharibi ardhi inateremka hadi Ziwa Nyasa. Ziwa hilo liliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo katika bandari ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Ikaipiga mizinga na kuilemaza. Vita hiyo ilikuja kuwameza vijana wa pande zote za ziwa, wengine wakiwa askari, wengi zaidi wakiwa wapagazi.

Waliobahatika kurudi baada ya 1918 walirudi na kumbukumbu ya bendi za jeshi: ngoma kubwa, gwaride, na tarumbeta za shaba zinazong'aa juani. Ngoma walikuwa nazo, na gwaride walilijua kwa miguu yao wenyewe. Tarumbeta hawakuwa nazo. Wakachukua vibuyu, wakavikata, wakatoboa tundu dogo ubavuni na kuliziba kwa utando wa buibui. Mtu akivumisha sauti ndani ya kibuyu hicho, utando unatetemeka na sauti inatoka nje ikikoroma kama shaba. Ng'ambo ya Malawi mchezo huo huitwa malipenga. Upande wetu ni mganda, na hadi leo ukiwaona wanaume wamejipanga safu, kaptula nyeupe, wakipiga hatua na kugeuka kwa pamoja, unaona gwaride la mkoloni lililogeuzwa kuwa ngoma ya kijiji.

Nimeanzia hapo kwa sababu mganda ulifundisha jambo ambalo tutaliona tena. Sauti kutoka mbali ilipokuja bila chombo chake, watu hawakukaa kusubiri chombo. Waliitafutia kingine.

Kinanda cha kuzungushwa kwa mkono

Miaka kumi baada ya vita hiyo, sauti na chombo vilianza kusafiri pamoja. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe. Santuri zake zikauzwa pwani yote na kupenya bara. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ukibeba kama dakika 3 tu za muziki. Zilitengenezwa kwa ulimbo wa wadudu wa India, na zikianguka zilivunjika kama kigae.

Gramafoni ya wakati huo, ambayo wazee wengi waliiita kinanda, ilikuwa na sifa moja kubwa kwa watu wa milimani: haikuhitaji umeme. Unaizungusha kwa mkono kama saa ya ukutani, unashusha sindano, na kasha linaimba. Wilaya ya Songea, ambayo Umatengo ulikuwa ndani yake, ilikuwa chimbuko kubwa la vibarua wa mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba. Wengine walivuka kuelekea kusini, kwenye migodi. Aliyerudi na baiskeli alisimuliwa mwaka mzima. Aliyerudi na kinanda aligeuza ua wake kuwa mahali pa mkutano.

Waliobaki nyumbani walikuwa na kahawa. Zao hilo lilianza kushika mizizi Umatengo katika miaka ya 1920, na ushirika wa Ngoni-Matengo ulioanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku uliwazoesha wakulima wa eneo hili kuuza kwa pamoja. Tangu hapo, ukitaka kujua chombo gani cha muziki kimeingia kijijini na lini, uliza kwanza kahawa ilikuwa bei gani.

Betri juu ya bati

Chombo kilichoshinda vyote kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 serikali ikaunda Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, iliyobaki redio pekee ya nchi nzima kwa karibu miaka 30. Redio ndogo za betri zilifika mahali ambapo barabara ilikuwa bado njia ya miguu. Betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zilithaminiwa kiasi kwamba hazikutupwa zikiisha. Zilianikwa juani juu ya bati tangu asubuhi, na jioni zilirudishwa zikatoa saa moja zaidi ya sauti hafifu. Nyumbani kwetu saa hiyo moja iligawanywa: taarifa ya habari kwanza, muziki baadaye. Babu akisinzia wakati wa taarifa, muziki ulianza mapema.

RTD haikutegemea santuri peke yake. Ilikuwa na studio yake, na bendi za dansi kutoka kila kona ziliingia humo kurekodi kwenye tepu kwa ajili ya kurushwa hewani. Mashairi yalikaguliwa kwanza. Bendi iliyopita ilipata umaarufu nchi nzima, na umaarufu ukaleta watu mlangoni kwenye kumbi za dansi, ambako ndiko fedha zilikopatikana. Hivyo sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania ilifahamika na kupendwa na mamilioni ya watu bila kuwahi kuuzwa dukani.

Santuri zilikuwapo, lakini njia yake ilipitia kwa jirani. Nyingi za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi, hasa zile ndogo za kuzunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo wa dansi una tabia ya kujinyoosha, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili: mwimbaji anaeleza shida yake upande wa kwanza, unageuza, na upande wa pili magitaa yanachemka. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo santuri mpya zilizidi kuwa adimu, na tepu za RTD zikabaki hazina ya taifa.

Hata waliopiga roki walikumbana na ukuta huohuo. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na kundi la Sunburst, vijana waliochanganya magitaa ya umeme na ngoma za Kiafrika. Albamu yao kubwa, *Ave Africa*, ilirekodiwa Zambia mwaka 1976. Ilipotolewa upya mwaka 2016 ilitolewa na kampuni ya London, na wengi walioinunua hawakuwa wamewahi kukanyaga Dar es Salaam.

Dokta wa Sinza

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Simulizi iliyomfuata maisha yote ilisema kwamba alizaliwa na meno mawili ya mbele, ishara ya mganga, na kwamba mama yake, aliyekwisha kufiwa na watoto kabla yake, aliagizwa asimnyoe nywele. Ndiyo maana watu walimwita Dokta, na nywele zake zilikuwa na hadithi kabla ya rasta kuwa mtindo mjini. Baba yake, mpiga ngoma, alifariki Remmy akiwa bado mdogo, na mama yake alifariki mwaka 1964. Kijana akabaki na gitaa na hoteli za kupigia.

Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kwa mjomba wake, Makassy, aliyekuwa na bendi yenye jina hilo. Baadaye akahamia Matimila, ikawa Super Matimila, na huko akakomaa kuwa msemaji wa watu wasio na msemaji. Aliimba juu ya kifo, umaskini, yatima, na dharau ya mwenye nacho kwa asiye nacho. Aliimba kama mtu anayezungumza barazani, sauti nzito isiyojipamba, huku magitaa yakifumana chini yake. Mtaani kwake Sinza kituo cha daladala kilipewa jina lake, na mpaka leo makondakta wanaita "Kwa Remmy" bila kumfikiria aliyelala makaburini tangu Desemba 2010.

Mwaka 1988 Super Matimila ilichukuliwa kwenda Ulaya na WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Uingereza, alishiriki kulianzisha. Mwaka uliofuata Gabriel na wenzake walianzisha kampuni ya Real World, yenye studio katika kinu cha zamani cha maji kijijini Box, kusini magharibi mwa Uingereza. Dokta na bendi yake waliingia studioni humo. *Songs for the Poor Man* ikawa miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za kampuni hiyo, na mwaka 1992 ikafuatiwa na *Mambo*.

Hapa historia ya muziki na historia ya Mbinga zinakutana kwenye mwaka mmoja bila kujuana. Mwaka huohuo wa 1989 albamu ya nyimbo za maskini ilipotoka, mwezi Julai, nchi zinazouza na kununua kahawa duniani zilishindwa kuelewana, na mgawo wa mauzo uliokuwa ukiizuia bei isianguke ukasimamishwa. Bei ya wastani duniani ilikuwa senti 116 za dola kwa ratili mwaka 1988. Mwaka 1992 ilikuwa senti 53. Mkulima wa Mpepai hakuhitaji kusomewa tarakimu hizo. Alizisoma kwenye kitabu cha malipo, kwenye ada ya shule, na kwenye betri ambazo sasa zilianikwa hadi siku ya tatu.

Mtu aliyekuwa akiimba juu ya unyonge alikuwa anatuimbia sisi wakati unyonge wenyewe unaongezeka. Na chombo alichowekewa sauti yake, santuri nzuri yenye jalada, kilikuwa kinauzwa London.

Nakala ya nakala

Kilichozileta nyimbo hizo milimani ni kaseti, kidubwana ambacho kampuni ya Philips ilikitambulisha mwaka 1963. Kaseti haikuogopa basi bovu, haikuvunjika ikianguka, na juu ya yote iliweza kunakiliwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 miji midogo yote ilikuwa na kibanda cha kurekodi. Unapeleka kaseti tupu, au kaseti ya kwaya ambayo mwenyewe hatagundua, unaandika nyimbo unazotaka kwenye kipande cha karatasi, unarudi kesho. Kwa mwanamuziki ulikuwa wizi, na sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999 wakati kizazi kizima kimekwisha kuzoea. Kwetu sisi ilikuwa njia pekee.

Kaseti ilifanya pia kazi ambayo redio ilikataa. Remmy alipotunga "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu kutumia kondomu wakati UKIMWI ukiteketeza vijana, RTD haikuupiga. Haikusaidia kitu. Wimbo ulipita kwenye baa, kwenye teksi na kwenye vibanda vya kurekodi, na watu waliuimba wakiwa na uhakika kwamba wote wanajua soksi ni nini.

Mjomba alinunua radiokaseti mwaka 1994. Hilo nalo lina chanzo cha mbali. Juni na Julai mwaka huo baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Wastani wa mwaka ulifika senti 134. Nchini, soko lilikuwa linafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilikuwa kinaelekea kuanguka. Kwa msimu mmoja au miwili fedha ilionekana mkononi. Nyumba zikapata bati, vijana wakapata baiskeli, na mjomba akapata chombo cheusi chenye spika mbili na mpini, akakivalisha kitambaa kilichofumwa kwa uzi kama mtoto wa ubatizo.

Kaseti ya Remmy niliileta mimi, nikiwa likizo, kutoka kibanda cha Mbinga mjini. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Sauti ilikuwa na ukungu, na kila baada ya muda ilivutika kama mtu anayepiga miayo. Mwenye kibanda alichanganya nyimbo za albamu na nyimbo zilizorekodiwa redioni, kwa hiyo katikati palikuwa na neno moja la mtangazaji lililokatwa kabla halijaisha. Tuliizoea mpaka neno hilo nalo likawa sehemu ya muziki. Utepe ulipojinyonga ndani ya mashine tulizungusha kwa kalamu ya Bic, ambayo kingo zake zinaingia barabara kwenye kitundu cha kaseti kana kwamba viwanda hivyo viwili vilipatana.

Kasoro kubwa ilikuwa mwisho wa upande wa kwanza. Kaseti ya dakika 60 inatoa nusu saa kila upande, na mwenye kibanda hakupiga hesabu. "Sauti ya Mnyonge" ilikuwa ya mwisho, na utepe ulimalizika kabla ya wimbo. Magitaa yakiwa yamekolea, kitufe kilifyatuka: *ta!* Mjomba aliinuka, akageuza kaseti, akakaa. Kwa miaka yote hiyo, mpaka radiokaseti ilipokufa na kugeuka kabati la kuwekea sindano na nyuzi, huo ndio mwisho wa wimbo tulioujua.

Wanaorudi wasikotoka

Aliyenitumia santuri ni rafiki yangu aliyeko Bristol, Uingereza, mpenzi wa roki ya miaka ya 1990, ile iliyoitwa mbadala kwa kuwa ilijitenga na muziki uliopambwa wa redio kubwa. Kwake yeye mwaka 1991 maana yake ni *Nevermind* ya Nirvana na *Ten* ya Pearl Jam. Sasa anazinunua upya zote kwenye santuri, anazisafisha kwa brashi laini, na kuniandikia kwamba amezirudia kama zilivyokuwa.

Nilipomuuliza alizisikia kwenye nini mara ya kwanza, alikiri: kaseti. Ya kunakili. Na hakuwa peke yake. Albamu hizo zilitoka wakati santuri zikifa huko kwao. Waliozipenda utotoni walizijua zaidi kwa kaseti na CD. Mwaka 2020 mapato ya santuri Marekani yaliyapita ya CD kwa mara ya kwanza tangu 1986, na mwaka 2022 hata idadi ikapita, santuri milioni 41 kwa CD milioni 33. Wengi wa wanunuzi hao wanarejea kwenye nyumba ambayo hawakuwahi kuishi.

Jambo hilo lilinipa faraja. Nilikuwa nimedhani kwamba sisi wa Mpepai ndio tuliopunjwa, tukala makombo ya karamu ya wengine. Kumbe kijana wa Bristol na kijana wa Mbinga walikaa mbele ya mashine ileile nyeusi, na kalamu ileile mkononi. Tofauti yetu ilikuwa dukani. Yeye angeweza kuinunua santuri siku hiyo akachagua kutoinunua. Mimi nilihitaji miaka 30, rafiki, na posta.

Nilihitaji pia umeme. Gramafoni ya manamba ilizungushwa kwa mkono, lakini mashine ya leo inataka soketi. Njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilizinduliwa mwaka 2018, na gridi ikaendelea hadi Mbinga, ambako kabla ya hapo, kwa sehemu kubwa, kulikuwa na jenereta na giza. Kwa hiyo hata kama santuri hii ingefika ikiwa mpya mwaka 1989, nyumbani kwa mjomba ingekuwa sahani kweli.

Mkono wa mjomba

Tuliipiga Jumamosi jioni. Mashine niliazima Songea, nikaisawazisha juu ya meza kwa kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja, kwa sababu santuri haipendi mteremko na Umatengo wote ni mteremko. Watoto walisogea karibu. Walishangaa kwamba sauti imechorwa, kwamba ile mistari myembamba inayong'aa kwenye taa ndiyo muziki wenyewe, na kwamba sindano inausoma ikitembea kutoka ukingoni kwenda katikati, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika. Mmoja aliuliza kama unaweza kuruka wimbo. Nikamwambia unaweza, lakini kwa mkono, na ukikosea unaukwangua. Akarudisha mikono mgongoni.

Kitu cha kwanza nilichokisikia ni besi. Kwenye kaseti yetu besi ilikuwa mngurumo tu, kama lori lililo mbali. Hapa ilitembea, ilisimama, ilijibu. Gitaa ambalo siku zote nilidhani ni moja lilikuwa mawili, moja likiuliza na jingine likidakiza kabla swali halijaisha. Sauti ya Remmy ilisogea mbele ikaketi nasi. Kati ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya, na mjomba alikisikiliza kimya hicho akiwa ameinamisha kichwa, kama anayemngoja mgeni amalize kusalimia.

Kuna kilichopungua pia. Neno la mtangazaji halikuwapo. Nilijikuta nalisubiri mahali pake, likapita bila kutokea, na kwa sekunde moja wimbo ulionekana una pengo. Pengo hilo halikuwa la Remmy wala la Real World. Lilikuwa letu, tulilitengeneza wenyewe kwenye kibanda cha Mbinga, kama mababu walivyotengeneza tarumbeta ya kibuyu. Albamu iliyopangwa kule Box ni kazi safi ya watu wanaojua kazi yao. Kaseti yetu ilikuwa albamu nyingine, iliyopangwa na kijana wa kibanda, redio, vumbi, na bei ya kahawa. Niliwaza kwamba mwandishi wa historia akitaka kujua nyimbo hizi zilifanya nini duniani, santuri itamweleza zilivyotoka, lakini zilikofika ataelezwa na kaseti, kama bado ipo inayolia.

"Sauti ya Mnyonge" ilipoanza, mjomba alivua miwani. Tulikaa kimya tukiufuata wimbo hatua kwa hatua, njia tunayoijua gizani. Magitaa yakakolea. Nikamwona anajiandaa, magoti yakakaza, mkono wa kulia ukanyanyuka kuelekea mezani kugeuza kaseti, kama alivyofanya mara mia kwa miaka mingi.

Hapakuwa na *ta!* Wimbo uliendelea.

Mkono ukabaki hewani. Watoto wakautazama, wasijue unangoja nini. Kisha mjomba akaushusha taratibu, akauweka juu ya goti, akakaa tena kusikiliza sehemu ambayo hakuwahi kuisikia.